Spiriti Ndani ya Petroli, na Mvuvi wa Busega Katikati ya Ziwa

Simiyu ikitajwa, wengi wetu huona pamba, ng'ombe na ukame. Taswira hiyo ni ya kweli, lakini ina pengo. Mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Shinyanga, uliongezewa Wilaya ya Busega kutoka upande wa Magu, mkoani Mwanza, na hivyo ukapata ufuko wake wa Ziwa Victoria. Msafiri anayetoka Bariadi kwa barabara ya lami hushuka hadi Lamadi na kulikuta ziwa limetanda mbele yake, Ghuba ya Speke, pamoja na mialo yenye mitumbwi ya mbao. Baadhi ya mitumbwi hiyo bado ina mlingoti na tanga, na nyuma yake imefungwa injini ndogo ambayo wavuvi huiita kwa jina fupi tu: mashine.

Nimeanza na mashine hiyo kwa sababu haitajwi mahali inapostahili kutajwa. Kila bei ya mafuta inapopanda, mjadala wa kuchanganya petroli na ethanoli hufufuka katika makongamano, katika vyombo vya habari na hata katika madarasa yetu ya vyuo vikuu. Ethanoli ni spiriti itokanayo na miwa, muhogo, mtama au molasi. Wanaoijadili huwa na gari akilini. Wachache humkumbuka bodaboda. Sijapata kusikia katika mijadala hiyo mtu akiuliza itakuwaje kwa injini kuukuu ya boti iliyo kilomita kadhaa kutoka nchi kavu, usiku, ikiwa na watu wanne ndani.

Naomba nieleweke mapema. Sipingi ethanoli. Hoja za wanaoitetea ni nzito na zinahitaji kujibiwa kwa heshima. Tanzania huagiza petroli yake yote kutoka nje, na huilipia kwa dola. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia, lita moja ilivuka shilingi 3,000 na serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Nchi inayolima miwa na muhogo ina haki ya kujiuliza kwa nini isijaze sehemu ya tenki kutoka shambani kwake. Brazili ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975, baada ya mshtuko wa kwanza wa bei ya mafuta. Malawi, nchi isiyo na bahari, imekuwa ikichanganya ethanoli ya molasi na petroli tangu mwaka 1982. Majirani zetu wa Kenya walijaribu mwaka 1983 kwa spiriti iliyotoka Muhoroni, katika ukanda huuhuu wa Ziwa Victoria, na mpango ule ukafa miaka kumi baadaye kwa sababu hesabu za bei zilikataa. Uganda ilitunga sheria yake ya nishati mimea mwaka 2020, nayo inaruhusu mchanganyiko wa hadi asilimia 20.

Sisi wenyewe tuna historia. Mwongozo wa serikali kuhusu nishati mimea ya kimiminika ulitoka mwaka 2010, wakati tayari wawekezaji walikuwa wamekwisha kuingia. Bagamoyo, katika eneo la iliyokuwa ranchi ya Razaba, kampuni ya Kiswidi ya SEKAB ilikuja na ndoto ya ethanoli ya miwa. Mradi ukabadilisha wenye mali na jina, ukawa wa sukari, ethanoli na umeme, hati ya ardhi ikafutwa mwaka 2016, na mwaka 2022 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua dhidi ya Tanzania. Kwa hiyo tumeshawahi kulipia ethanoli ambayo hatukupata kuichoma. Nataja hayo ili kuonyesha kwamba mjadala wetu umekuwa wa ardhi, mikataba na wawekezaji. Mtumiaji wa mwisho, yule anayevuta kamba ya kuwashia injini, hakuwahi kuwa sehemu yake.

Sasa tuitazame injini yenyewe, maana hapa ndipo siasa inapokutana na kemia.

Petroli na maji havipatani. Maji yakiingia kwenye dumu la petroli hukaa chini, yanaonekana, na mvuvi mzoefu huyaacha yatulie kisha humimina petroli ya juu. Ethanoli hupatana na vyote viwili. Huyanywa maji, na huweza kuyavuta hata kutoka kwenye unyevu wa hewa. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 huweza kubeba maji yasiyozidi takriban nusu ya asilimia moja ya ujazo wake. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni mililita 100 hivi, yaani nusu ya kikombe cha chai. Hadi hapo hutaona kitu, mafuta yatakuwa safi machoni. Yakizidi, au joto likishuka, ghafla ethanoli huiacha petroli, hushikamana na maji, na vyote viwili huzama chini ya tenki kama tabaka moja. Mpira unaovuta mafuta huanzia hukohuko chini.

Kwa gari la kisasa hatari hiyo ni ndogo. Tenki lake limefungwa vizuri, mafuta hutoka kisimani mwa kituo na huisha ndani ya wiki moja au mbili. Fikiria sasa safari ya petroli ya mwaloni. Hununuliwa Lamadi au Nyashimo, humiminwa kwenye dumu lililowahi kubeba kitu kingine, husafiri kwa pikipiki, huuzwa rejareja kwa chupa chini ya kivuli cha turubai, kisha huingia kwenye tenki dogo la boti ambalo kifuniko chake kililegea miaka mingi iliyopita. Mchana dumu hilo limekaa juani. Usiku liko juu ya ziwa lenye baridi na unyevu, wimbi likirusha matone kila upande. Ukimwomba mkemia abuni mazingira ya kutenganisha ethanoli na petroli, hatafanya vizuri kuliko hayo.

Kuna jambo la pili, nalo ni baya zaidi. Mashine nyingi za wavuvi ni za mipigo miwili, zile ambazo oili ya kulainishia huchanganywa humohumo ndani ya petroli. Hazina oili nyingine. Tabaka la maji na ethanoli likizama chini, oili hubaki juu pamoja na petroli. Injini ikivuta tabaka la chini, ama itazima, ama itazunguka kwa muda bila kulainishwa. Pistoni itapata moto na kukwaruza silinda hadi ikwame. Mafundi wetu husema injini imenoki. Injini iliyonoki haifufuliwi kwa kupuliza plagi.

Tatu ni umri. Ethanoli ni kiyeyushi. Uchafu na utomvu uliogandia kwenye tenki na mipira kwa miaka 20 huanza kubanduka wiki ya kwanza, husafiri hadi kwenye kabureta na kuziba vitundu vyake vyembamba. Mipira na sili za injini zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 hazikukusudiwa kukutana na spiriti. Huvimba, hulegea au hupasuka. Matenki ya faiba ya boti za tanga za wakati huo, huko Marekani na Ulaya, yaliyeyuka kidogo kidogo kwa ndani na kuacha nta nyeusi kwenye vali za injini. Sisi hatuna matenki mengi ya faiba, lakini tuna mashine nyingi zilizokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika Busega, na mipira ya mafuta iliyofungwa kwa kipande cha tairi. Aidha, ethanoli ina oksijeni ndani yake. Kabureta ya zamani, ambayo haina kompyuta ya kurekebisha kipimo, itachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi mno na mafuta machache, na injini itapata joto zaidi kuliko ilivyozoea.

Nguvu nayo hupungua. Lita ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli. Katika mchanganyiko wa asilimia 10, pungufu ni kama asilimia 3, yaani zaidi ya nusu lita katika kila dumu la lita 20. Kwa mwenye gari huo ni usumbufu mdogo. Kwa mvuvi aliyepima mafuta ya kwenda na kurudi kwa uzoefu wa miaka, nusu lita ni umbali kati ya boti na mwalo. Na iwapo mchanganyiko utauzwa kwa bei ileile ya petroli tupu, atakuwa amelipia kitu ambacho hakukipata.

Ni kweli kwamba tanga lipo. Wazee wa ziwa hawakulitupa walipopata mashine, na nadhani walikuwa na akili kuliko baadhi ya washauri wetu wa sera. Lakini tanga lahitaji upepo ulio upande wako, na dhoruba za Ziwa Victoria hazisubiri. Aliyezimikiwa na mashine wakati wingu jeusi linakuja hana muda wa kusimamisha mlingoti. Isitoshe, boti nyingi zinazovua dagaa nyakati za giza la mwezi hazina tanga kabisa.

Mtu ataniuliza, je, wenzetu waliotangulia walifanya nini? Jibu linaelimisha. Marekani iliporuhusu petroli yenye ethanoli asilimia 15, katika maamuzi ya mwaka 2010 na 2011, iliiruhusu kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea tu. Boti, pikipiki na mashine ndogo zilizuiwa kuitumia, na tahadhari ikatakiwa kubandikwa kwenye pampu. Uingereza ilipofanya mchanganyiko wa asilimia 10 kuwa petroli ya kawaida, Septemba 2021, ilihakikisha kwamba ile yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5 inaendelea kupatikana kwa ajili ya injini za zamani. Katika nchi hizo mwenye boti ya tanga ya starehe, anayeitumia mwisho wa juma, alisikilizwa. Ana chama, ana jarida, ana mwanasheria, na mbunge wake anamjua. Mashine ya mvuvi wa Busega haina tofauti kubwa na ya bwana huyo kwa upande wa kemia. Tofauti iko kwenye kusikilizwa.

Na hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu, ambao mwaka 2011 wengi wao walikuwa bado shule ya msingi, wanisikilize kwa makini. Tulishawahi kufanya jambo linalofanana na hili, tena kwa nia njema.

Miaka ile neno lililotawala lilikuwa uchakachuaji. Wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo ili mnyonge ayamudu. Magari yakaharibika, mapato ya serikali yakavuja. Serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na faida ya kuchakachua ipotee. Kwa kipimo cha kiuchumi lilikuwa suluhisho safi. Kichocheo kiliondolewa, na uchakachuaji wa aina ile ukapungua.

Lakini nani alilipa? Alilipa mwenye kibatari katika kijiji kisicho na umeme. Alilipa mvuvi wa dagaa aliyekuwa akiwasha karabai usiku kucha juu ya ziwa, kila boti na karabai zake kadhaa, ambaye hakuwahi kuchakachua tone la mafuta ya mtu. Kosa lilifanyika kwenye matenki ya wafanyabiashara, adhabu ikashuka mwaloni. Sikumbuki kuona hesabu yoyote iliyoonyesha kwamba gharama ya karabai ilipimwa kabla ya uamuzi ule. Baadaye taa za sola na za betri zilienea, na watu wakasahau. Kusahau kwa namna hiyo kunatugharimu, kwa maana tunabaki tukidhani kwamba sera ile haikuwa na aliyeumia.

Kuna kejeli nyingine hapa. Serikali ileile iliyotumia zaidi ya muongo mmoja kumfundisha Mtanzania kwamba kuchanganya mafuta ni jinai, kesho huenda itamwambia kwamba kuchanganya ni uzalendo. Inawezekana kabisa kusema yote mawili kwa ukweli, ila itahitaji maelezo ya kina, na kwa lugha ambayo mwenye dumu anaielewa. Mafuta yenye spiriti yasiyo na alama yoyote, machoni mwa mvuvi aliyenokiwa na mashine, ni uchakachuaji tu uliopewa muhuri.

Sitazama sana katika suala la malighafi, ingawa najua litaletwa Simiyu. Siku moja atakuja mtu Bariadi na kusema mtama na muhogo wa Maswa na Meatu unafaa kwa ethanoli. Nitamkumbusha jambo moja. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kuleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa huu kwa sababu dunia ilikubali kwamba ukame umeulemea. Mkoa unaosaidiwa kupata maji ya kunywa haupaswi kuwa wa kwanza kuombwa chakula chake kigeuzwe spiriti. Basi, nisiendelee, hilo lina makala yake.

Ninachotaka kutoka kwa Wizara ya Nishati, EWURA na Shirika la Viwango si kikubwa. Iwapo mchanganyiko utafika, petroli isiyo na ethanoli ibaki sokoni katika wilaya zinazopakana na maziwa na bahari, tena kwa bei isiyomwadhibu mnunuzi. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukitoa mikopo ya kujenga vituo vya mafuta vijijini. Vituo vya aina hiyo vilivyo karibu na mialo vingeweza kupewa sharti la kuuza mafuta hayo. Kila pampu iandikwe asilimia ya ethanoli, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. TASAC, ambayo hukagua vyombo vidogo vya majini, iulizwe maoni kabla ya kiwango kupitishwa, na TAFIRI walioko Mwanza wapewe kazi ya kujaribu mchanganyiko huo kwenye mashine kuukuu zilizoko ziwani, kwa mafuta yaliyokaa kwenye madumu halisi ya mwaloni. Majaribio ya maabara yenye tenki safi hayatatuambia kitu tusichokijua.

Kwa maofisa wa halmashauri ya Busega wanaosoma hapa, na najua mpo, kuna kazi isiyohitaji kusubiri Dodoma. Ziwa hili ni la nchi tatu, na samaki, nyavu na petroli vimevuka mipaka yake tangu zamani. Sheria ya Uganda ikitekelezwa kikamilifu, mafuta yenye ethanoli yanaweza kufika kwetu kabla ya sera yetu. Vikundi vya BMU vifundishwe kupima. Kipimo ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anakiweza: chukua chupa nyembamba inayoonyesha ndani, tia maji hadi robo, weka alama kwa kalamu pale maji yalipoishia, ongeza petroli hadi karibu na juu, funga, tikisa, kisha acha itulie. Mstari wa maji ukibaki kwenye alama, petroli haina spiriti. Ukipanda, spiriti imeshuka kuungana na maji, na kadiri ulivyopanda ndivyo ilivyo nyingi.

Fundi wa boti naye aelezwe mambo machache: mipira mipya inayostahimili spiriti, chujio la kutenganisha maji kati ya tenki na injini, kutotumia mafuta yaliyolala kwa majuma, na kuyamwaga yale yaliyojitenga. Kuyatikisa hakutayarudisha yalivyokuwa. Vipuri hivyo vina bei, na kwa mvuvi mwenye mashine moja bei hiyo haitokani na chaguo lake. Kama taifa litaokoa dola kwa kuchanganya ethanoli, sehemu ndogo ya akiba hiyo inaweza kulipia mpira na chujio kwa kila mashine iliyosajiliwa mwaloni. Wachumi wa wizara wana uwezo wa kuipiga hesabu hiyo kwa asubuhi moja.

Limebaki suala la maoni. Rasimu za viwango hutolewa ili wananchi wachangie kwa muda maalumu, na viwango vyetu vingi vya bidhaa bado huandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Rasimu ya petroli yenye ethanoli ikitoka, nitaisoma. Ningependa nakala yake ya Kiswahili ibandikwe pia kwenye ubao wa ofisi ya BMU pale Lamadi, miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maoni.